Safari ya nje wakati wa mlipuko: tuambie kwanza unakwenda kufanya nini

Kila ugonjwa wa virusi unapotangazwa nchi jirani, swali linalofika kwenye dawati letu la afya mpakani ni lile lile: niende au nisiende? Anayeuliza hutaja jina la nchi na kungoja jibu la neno moja. Kwa jina la nchi peke yake hatuwezi kumshauri. Humrudishia maswali: unakwenda kufanya nini huko, utafikia kwa nani, na ni lazima uwe umerudi lini? Wasafiri wawili huweza kupanda basi moja Bukoba, wakavuka mpaka wa Mutukula pamoja na kushuka Kampala saa ile ile, mmoja akiwa na hatari ndogo mno na mwenzake akielekea kwenye hatari yenyewe kabisa.

Wa kwanza anafuata mzigo soko la Kikuubo. Atalala gesti, atakula hotelini, atafunga marobota yake na kurudi. Wa pili ameitwa na nyumbani kwamba kaka yake anaumwa, na hakuna wa kumuuguza. Ikiwa mlipuko wenyewe ni wa Ebola au Marburg, huyu wa pili ndiye ninayemvuta kiti akae tuzungumze.

Ebola na Marburg hazisambai kama mafua. Virusi hivi hupita kwenye damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, vikaingia kwa mwingine kupitia macho, mdomo, pua au mchubuko wa ngozi. Aliyeambukizwa lakini bado hajaanza kuugua haambukizi wengine. Kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya ndivyo virusi vinavyozidi kuwa vingi mwilini, na baada ya kifo vinabaki vingi. Kwa hiyo wanaoumia kwanza ni wale waliokaa karibu na kitanda. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024 ulikumba watu 66, na 15 kati yao walifariki. Wengi wa hao 66 walikuwa wahudumu wa afya. Uganda ilipotangaza Ebola aina ya Sudan mwishoni mwa Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago.

Ndiyo maana mfanyabiashara anayekwenda sokoni simzuii, namwelekeza tu: nawa mikono mara kwa mara, usimguse mgonjwa, usiingie hospitali kumjulia mtu hali, na uachane na nyama ya porini na mapango yenye popo. Anayekwenda kuuguza huwa namwomba asiende. Najua ni ombi zito. Huwa nawaambia watume fedha, wapige simu kila siku, na wahakikishe mgonjwa amefikishwa kwenye kituo cha matibabu chenye watu waliovaa mavazi ya kinga, kwa sababu ndugu anayefuta matapishi kwa kanga na mikono mitupu hamsaidii mgonjwa na anajiweka yeye mwenyewe kwenye foleni.

Kuhusu msiba nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo ushauri wetu unapogonga mwamba. Mtu wa huku kutokwenda kumzika mzazi wake ni jambo litakalosemwa ukoo mzima kwa miaka. Mama mmoja aliwahi kuniambia dirishani, "Mwanangu, mimi siendi kutembea, naenda kumzika dada yangu. Utanizuia kwa sheria ipi?" Sikuwa na sheria ya kumzuia. Nilimwambia, "Mama, nenda, lakini usimwoshe, usimvike, usiguse mwili wala nguo zake wala godoro alilolalia. Waachie timu ya mazishi." Akauliza kama dada yake atazikwa kama mnyama. La hasha. Timu hizo zinatakiwa kuzungumza na familia, kuruhusu sala, na kuacha watu washuhudie kwa umbali. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unaruhusu maiti wa Kiislamu afanyiwe tayamamu akiwa ndani ya mfuko wake, badala ya kuoshwa. Kama unaweza kungoja, peleka rambirambi sasa, uende arobaini mlipuko ukiwa umezimwa. Kama huwezi, simama mbali na jeneza.

Kuna wanaojitetea kwamba wameshachanjwa Ebola. Waulize ni Ebola ipi. Chanjo ya Ervebo, iliyotumika sana Kivu Kaskazini na Ituri, Kongo, kuanzia 2018, inakinga aina ya Zaire tu. Haikingi aina ya Sudan, wala haina habari na Marburg.

Ramani nayo ina neno. Septemba 2025 Kongo ilitangaza Ebola huko Bulape, jimbo la Kasai. Dereva wa lori anayepita Tunduma, akakatiza Zambia hadi Kasumbalesa na kushusha mzigo Lubumbashi, anaingia nchi hiyo hiyo, lakini kutoka Lubumbashi hadi Bulape ni takriban kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Mgeni aliyeahirisha safari ya Zanzibar mwaka 2023 kwa sababu kulikuwa na Marburg wilayani Bukoba alikosea kwa kuangalia jina la nchi tu. Uliza wilaya, hata kata. Taarifa za wizara huitaja, ila vichwa vya habari huimeza.

Mpox inaanguka katikati ya Ebola na magonjwa ya njia ya hewa. Huenea zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi, kujamiiana, na kulalia matandiko ya mwenye vipele. Imetembea sana kwenye njia za malori. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya, Julai 2024, alibainika mpakani Taveta akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Safari ya kikazi haina sababu ya kufutwa. Unachotakiwa kukichunga ni utalala wapi na utalala na nani, na hilo silisemi kwa kumhukumu mtu.

Kwa virusi vya njia ya hewa hesabu inageuka. UVIKO-19 ulitufundisha kwamba kukaa tu kwenye ukumbi uliofungwa madirisha kunatosha kukuambukiza, hata kama wewe ni mpita njia. Hapo shughuli unayoifuata inapungua uzito, na afya yako mwenyewe ndiyo inayopanda: umri, kisukari, presha, ujauzito, pumu. Kundi lililo kwenye mtihani mgumu zaidi ni wagonjwa wetu wanaofuata matibabu India. Mwanzoni mwa Mei 2021 India ilirekodi maambukizi mapya zaidi ya 400,000 kwa siku moja, na hospitali kubwa za Delhi zilikuwa zikitafuta mitungi ya oksijeni. Mgonjwa wa saratani aliyefika wakati ule angekuwa na miadi mkononi na asipate kitanda. Katika hali hiyo usiishie kumuuliza wakala wa safari. Daktari wako ampigie daktari wa kule na kumuuliza mambo mawili: wadi inapokea wagonjwa? Na je, tiba hii ikingoja wiki sita, mgonjwa atapoteza nini? Zipo tiba zinazongoja na zipo zisizongoja. Anayejua tofauti ni daktari, si mimi wala shemeji yako aliyeko Mumbai.

Tufike kwenye kurudi, jambo ambalo wasafiri wengi hawalipangi kabisa. Tarehe 27 Februari 2020 Saudi Arabia ilisimamisha ghafla kuingia kwa wanaokwenda umra, watu wakiwa wameshalipa na wengine wako viwanja vya ndege na ihramu zao. Oktoba 2022 Uganda ilifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa siku 21 kwa sababu ya Ebola, kisha ikaongeza muda hadi Desemba. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, lakini mgeni aliyekwenda kusalimia wiki moja alikwama. Na Novemba 2021, siku ile kirusi cha Omicron kilipopewa jina, ndege mbili kutoka Afrika Kusini zilitua Amsterdam zikiwa na abiria wapatao 600. Walizuiwa kwa saa nyingi ndani ya ndege na ukumbini wakisubiri vipimo, na 61 wakakutwa na UVIKO-19. Waliondoka nyumbani sheria zikiwa hivi, wakatua zikiwa vile.

Shirika la Afya Duniani mara nyingi halishauri kuzuia safari. Hata kwa Rwanda mwaka 2024 halikushauri hivyo, lakini Marekani iliwaambia raia wake wafikirie upya safari zisizo za lazima na ikaanza kuwakagua abiria waliotokea huko. Uamuzi wa kufunga mlango ni wa serikali, na huja usiku. Kwa hiyo jiulize: nikizuiwa wiki tatu zaidi, nitakula nini, nitalala kwa nani, na kazini watanivumilia? Aliyeajiriwa Muscat au Doha na amekuja likizo ndiye wa kujiuliza zaidi, kwani visa yake ina tarehe na tajiri wake ana haraka. Dawa za presha, kisukari au ARV beba za mwezi mzima zaidi ya siku zako, kwenye mkoba wa mkononi. Bima ya safari isome kabla ya kulipa: nyingi hazilipi kwa mlipuko uliokwishatangazwa siku unayonunua, na nyingine hazigusi karantini wala gharama za kusafirisha mgonjwa kwa ndege. Ukishindwa kupata majibu ya maswali haya, mimi ningeahirisha, hata kama ugonjwa wenyewe uko mbali na ninakokwenda.

Kadi ya njano ni jambo jepesi lakini huwakwamisha watu kila siku. Chanjo ya homa ya manjano inatambulika mpakani kuanzia siku ya 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Anayechanjwa leo kwa ndege ya kesho amechelewa. Na kadi ya kununua vichochoroni haimkingi mtu. Ugonjwa wenyewe husafiri kweli: Machi 2016 Kenya ilipokea wagonjwa wawili wa homa ya manjano waliotokea Angola.

Kuhusu ile kamera ya joto pale ukumbini, usiipe imani kuliko inavyostahili. Inaona homa ya sasa hivi. Aliyeambukizwa Ebola au Marburg anaweza kukaa siku 2 hadi 21 bila dalili yoyote, na atapita mbele yake akitabasamu. Wapo pia wanaomeza panadol kabla ya kufika mpakani ili wasiulizwe maswali. Kamera wanaidanganya kweli, kisha wanakwenda kuugulia ndani ya basi. Ndiyo sababu fomu tunayokujazisha, yenye namba yako ya simu na mahali utakapofikia, ina kazi kubwa kuliko kamera. Ikija kujulikana kwamba mtu wa siti ya nyuma yako aliugua, tutakupata kwa namba hiyo. Ukiandika namba ya uongo hatuna pa kuanzia.

Mwezi Mei 2015 mzee mmoja alirudi Korea Kusini kutoka nchi za Ghuba akiwa mzima. Wiki moja baadaye akaanza kuugua, akazunguka zahanati na hospitali kadhaa, na siku 9 zikapita kabla ya kuthibitika kwamba ana MERS, ugonjwa wa njia ya hewa unaohusishwa na ngamia. Kutoka kwake mnyororo ulifika watu 186, na 38 wakafariki. Wengi waliambukizwa humo humo hospitalini, wakiwa wagonjwa wa mambo mengine au ndugu waliokwenda kuwauguza.

Basi ukirudi kutoka eneo lenye mlipuko wa Ebola au Marburg, pima joto lako asubuhi na jioni kwa siku 21. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Si lazima ujifungie kama hukumgusa mgonjwa wala maiti. Homa ikikushika, au kuumwa kichwa kupita kiasi, kutapika, kuharisha au vipele, usipande daladala wala bodaboda na usiende moja kwa moja kukaa kwenye benchi la zahanati. Kaa chumba chako peke yako na upige simu kwanza: 199 kwa Tanzania, 719 kwa Kenya. Sentensi ya kwanza iwe nchi na wilaya uliyotoka na tarehe uliyovuka, dalili zifuate. Watakuja kukuchukua na gari lao.