Straitened: hali inapobana

Ukikuta "straitened circumstances" kwenye gazeti au riwaya ya Kiingereza, usidhani mambo ya mhusika yamenyooka. Yamebana. Aliyekuwa akijiweza sasa anahesabu kila senti.

Kinachowapoteza wengi, hata Waingereza wenyewe, ni matamshi. Straitened na straightened hutamkwa sawasawa, lakini hayana undugu. Straight limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kunyoosha. Strait lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini strictus, yaani kilichokazwa; huko huko ndiko lilikotoka strict. Kwa hiyo strait ni mlangobahari, kama ule wa Gibraltar, ambako Afrika na Ulaya hutenganishwa na takriban kilomita 14 tu za maji. Strait-laced alikuwa mtu aliyekaza kamba za vazi la kubana kiuno, kisha neno likahamia kwa mtu mgumu wa maadili, asiyecheka na utani.

Sisi tuna dhiki, na ndiyo tafsiri ninayoipenda, maana neno hilo la asili ya Kiarabu nalo lilianzia kwenye wembamba. Hata mlangobahari kwa Kiarabu huitwa kwa neno la mzizi huo huo.

Katika matumizi, straitened halitembei peke yake. Mara nyingi utalikuta limeandamana na circumstances, times au finances. Tazama sentensi hii: "The widow lived in straitened circumstances." Mjane huyu hajawa ombaomba. Pengine bado ana nyumba na vyombo vizuri kabatini, ila kipato kimekatika. Neno hubeba kumbukumbu ya neema iliyopita, ndiyo maana halimkai vizuri mtu aliyezaliwa fukara. Tena ni tafsida: linamsitiri anayetajwa. Na ni lugha ya maandishi. Ukimwomba rafiki mkopo kwa kusema uko katika straitened circumstances, atacheka kwanza.

Kuhusu tahajia, straitjacket, yaani vazi la kumbana mtu mikono asiweze kuitumia, siku hizi huandikwa pia straightjacket na kamusi zimekubali. Straightened circumstances bado huhesabiwa kosa. Ukisita, weka "kubanwa" mahali pake: sentensi ikikubali, andika bila gh.