Kilichoilaza meli ya Liuli, kilichoiokoa ya Kigoma

Ukitoka Itungi, Kyela, ukafuata mwambao wa Ziwa Nyasa kwenda kusini, utafika Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa hapo nchi kavu kwa matengenezo. Gwendolen ya Waingereza ikaja na mzinga wake mmoja mdogo chini ya Kapteni Rhoades, ikafyatua. Kapteni Berndt, nahodha wa meli iliyoshambuliwa, hakuwa amepata hata habari kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza.

Wengi husimulia mzinga. Sisi mafundi tunatazama kilichofuata: Waingereza waling'oa vipuri muhimu vya injini wakaondoka navyo. Kwa injini ya mvuke, hilo ni pigo kubwa kuliko tundu la risasi. Tundu unaliziba kwa bati na ribiti. Lakini ukitoa vali ya kugawa mvuke, silinda haipati mvuke kwa zamu na pistoni haisogei. Ukitoa bushi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki inayozunguka, tabu ni kubwa zaidi: humiminwa kwa madini laini, kisha hukwanguliwa kwa mkono mpaka zikae sawasawa na krenki ileile. Za meli nyingine hazitoshei. Reli ya Kati ilipita mbali, kaskazini, na karakana yake kubwa ilikuwa Dar es Salaam; huku kwetu kila kitu kilipanda kichwani mwa wapagazi.

Graf von Goetzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, ni kinyume chake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha na kuunganishwa upya Kigoma. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye Königsberg, manowari iliyokwama Rufiji. Wajerumani walipoizamisha wenyewe Julai 1916, mafundi waliipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zilezile za mvuke zilifanya kazi hadi miaka ya 1970. Maji yasiyo na chumvi yalisaidia, ila grisi ndiyo iliyozuia kutu kula nyuso laini za fimbo na shingo za krenki. Fimbo zikishachimbika, hakuna pakini, ile kamba laini ya kuzibia mvuke au maji yasivuje, inayoziba tena.

Na pakini ndiyo inayozisumbua sana pampu za kutoa maji tumboni mwa meli zinazolala muda mrefu. Toa pakini zote kuukuu, hata ile ya chini kabisa. Wengi huiacha, ikishakauka inakwaruza shafti. Pima nafasi kati ya shafti na nyumba yake, ukanunue pakini ya unene huo. Zungushia kwenye bomba lenye kipenyo sawa na shafti, ukate pete moja moja. Zipange viungo vikipishana kwa robo ya mzunguko, kila pete uisukume hadi ikae kabla ya kuweka nyingine. Nati za kifuniko kinachobana pakini kaza kwa vidole tu. Washa pampu, iache idondoshe maji kwanza, kisha kaza sehemu moja ya sita ya mzunguko, pande zote sawa, ungoje dakika kumi kabla ya kukaza tena. Usiifikishe kwenye kukauka. Matone machache kwa dakika ndiyo yanayoipoza. Ikikauka inaungua, na shafti inapata mfereji utakaokula kila pakini mpya.