Kuchora pamoja mtandaoni: yanayosemwa kijiweni na yalivyo

Tuko watatu: mimi Pasua, Moshi, wenzangu wako Arusha, mmoja Sakina na mwingine Njiro. Jumamosi usiku tunachora picha moja, kila mtu akiwa kwao. Nikilisema hilo kijiweni, hoja ni zile zile.

"Hayo ni ya wenye kompyuta za bei na intaneti ya ofisini."

Wanaosema hivi wanadhani kila ukigusa skrini picha nzima inasafiri. Ingekuwa hivyo wangekuwa sahihi: ukurasa wa A4 wenye nukta 300 kwa inchi una nukta (pikseli) 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Bando lingekata roho kabla hujamaliza jicho moja. Lakini programu kama Drawpile, ambayo ni ya bure, haitumi picha. Inatuma mwendo wa mkono wako: brashi gani, rangi ipi, imeanzia wapi, imepita wapi. Simu ya mwenzako ndiyo inayoichora upya kule iliko. Ni sawa na kumtajia mtu mapishi badala ya kumpakilia sufuria kwenye bodaboda.

Mwenzetu wa Sakina anachora kwa kidole kwenye simu, na migomba yake inanishinda mimi mwenye peni ya kuchorea kwenye skrini. Kinachokula bando ni kuchelewa. Wenzio wakianza saa moja nawe ukaingia saa tatu, kifaa chako kitashusha kwanza yote yaliyofanyika tangu mwanzo.

"Watu watatu picha moja, si fujo hiyo?"

Fujo ipo, ila si ya mikono kugongana. Kila mtu ana leya yake, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: huyu mistari, huyu rangi, huyu mandhari ya nyuma. Fujo yetu hutokana na kutoambiana. Siku moja tulichora Mlima Kilimanjaro kama unavyoonekana kutoka Moshi, kilele cha Mawenzi kikiwa kulia kwa kilele cha Kibo. Mwenzetu wa Njiro akaigeuza leya ya mlima, kulia ikawa kushoto, ili aone kama uwiano umekaa sawa. Wachoraji wengi hufanya hivyo. Akasahau kuirudisha. Tukapaka rangi usiku kucha, asubuhi tukajikuta tunautazama mlima kwa upande wa Loitokitok, kule Kenya.

"Kompyuta ndiyo inayochora."

Mpe basi huyo msemaji hiyo kompyuta achore punda mmoja tu.

"Mwenye faili ndiye mwenye kazi."

Hili ndilo linalovunja urafiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiangalii faili limehifadhiwa kwa nani. Picha iliyochorwa na watu kwa ushirikiano ni yao wote, na ulinzi wake unadumu hadi miaka 50 baada ya kufariki wa mwisho wao. Hakimiliki inaanza pale kazi inapofanyika, hata kabla hujaenda kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ila yule aliyesema tu "choreni Mmasai kwenye pikipiki" kisha akalala, hana chake, kwa sababu wazo tupu halina hakimiliki. Sisi huandika majina yote matatu kwenye pembe ya picha, na mgawo wa fedha tunauandika kabla mteja hajapatikana, wakati bado hakuna cha kugombania.

"Ikipendeza kwenye skrini, itapendeza hata ikichapwa."

Skrini inatoa mwanga, printa inapaka wino, na kijani kikali cha skrini hakimo kwenye wino wa kawaida. Ukubwa nao: picha ya nukta 1000 kwa 1000 ikichapwa vizuri, kwa zile nukta 300 kwa inchi, haifiki hata sentimita 9 kila upande.

Ile yenye Mawenzi wa kushoto ndiyo pekee tuliyoichapa kubwa. Imetundikwa sebuleni Njiro, na kila mgeni kutoka Moshi huinamisha shingo kidogo anapoitazama.