Kusahihisha mstari wa msingi kwenye spektra: maana yake na inavyofanywa

Chukua unga wa kahawa ya robusta kutoka Masaka, uupime kwa mwanga wa infraredi, upate spektra, yaani grafu ya mwanga ulionyonywa katika kila namba ya wimbi (cm⁻¹). Karibu na 1745 cm⁻¹ kutatokea kilele cha mafuta. Tuseme sampuli ya kwanza inasoma 0.42 na ya pili 0.36. Ukiishia hapo utasema ya kwanza ndiyo yenye mafuta mengi. Sasa tazama miguu ya vilele hivyo: cha kwanza kimesimama juu ya 0.15, cha pili juu ya 0.06. Toa, unabaki na 0.27 na 0.30. Jibu limegeuka. Kile ambacho kilele kimesimama juu yake ndicho mstari wa msingi, na kazi ya kuukadiria na kuutoa ndiyo kuusahihisha.

Msingi hunyanyuka kwa sababu nyingi. Chembe kubwa za unga hutawanya mwanga, kwa hiyo grafu ya kidonge cha potasiamu bromaidi (chumvi ambayo unga wa sampuli huchanganywa nayo na kugandamizwa) hupanda kuelekea 4000 cm⁻¹. Hapo dawa ya kwanza ni kusaga, si kompyuta: chembe zishuke chini ya mikromita 2. Katika spektroskopia ya Raman, inayopima mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, kahawa iliyokaangwa au udongo wenye mboji hung'aa wenyewe na kufunika vilele.

Njia rahisi ni kuunganisha pande mbili za kilele kwa mstari ulionyooka. Kwa kilele kimoja kilichojitenga inatosha kabisa. Polinomia (mlinganyo wa vipeo vya x, digrii ikiwa kipeo kikubwa zaidi) hufuata mkunjo mpana, lakini ukipita digrii ya 5 au ya 6 huanza kuyumba kwenye ncha za spektra.

Inayotumika sana sasa ni njia ya miraba midogo isiyolingana (kwa Kiingereza asymmetric least squares), iliyoelezwa na Eilers na Boelens mwaka 2005. Programu huchora mstari laini, kisha pointi zilizo juu yake hupewa uzito mdogo, mfano 0.01, na zilizo chini 0.99. Mstari huchorwa upya, uzito hupangwa upya, na baada ya mizunguko kama 10 mstari umetulia chini ya vilele. Kigezo kinachosumbua ni lambda, yaani ugumu wa mstari. Anza na 10⁵, kisha upande au ushuke mara kumi kumi huku ukitazama grafu. Lambda ikiwa ndogo mno, mstari unapanda ndani ya vilele na kuvila. Ikiwa kubwa mno, mkunjo unabaki. Na usiazime lambda ya mtu mwingine kijuujuu: ukipima pointi mara mbili zaidi katika eneo lilelile, unahitaji lambda kubwa mara 16 kupata ugumu uleule.

Kuna mtego hapa. Hewa ya chumba ikibadilika baada ya kupima usuli (kipimo cha kulinganishia, bila sampuli), karibu na 2350 cm⁻¹ huweza kutokea shimo la kabonidayoksaidi. Pointi za shimo hilo ziko chini, zinapata 0.99, na mstari mzima unavutwa nazo. Zipe uzito wa sifuri kabla ya kukokotoa.

Udongo mwekundu wenye kaolinaiti (madini ya mfinyanzi) unaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Vilele vyembamba vya 3695 na 3620 cm⁻¹ hukaa begani mwa nundu pana ya maji iliyo karibu na 3400. Anayetafuta kaolinaiti huihesabu nundu hiyo kuwa msingi na kuitoa. Anayetafuta unyevu akifanya hivyo ametupa alichokuja kukipima. Kompyuta haijui tofauti hiyo. Amua wewe, kisha tumia vigezo vilevile kwa sampuli zote za utafiti, bila kurekebisha moja moja ili ipendeze.

Mpangilio nao una uzito. Kwa Raman, ondoa kwanza miiba ya miale ya anga (vilele vyembamba vya ghafla vinavyotokea chembe kutoka angani zikigonga kigunduzi), halafu msingi, ndipo usawazishe ukubwa wa spektra. Ukisawazisha kwanza, unagawanya kwa namba ambayo ndani yake msingi bado umo.