Je, wajua kwa nini kamera ya filamu na ya dijitali hazilioni jangwa kwa namna moja?

Katika jangwa la Namib, nchini Namibia, kuna bonde dogo la udongo mweupe liitwalo Deadvlei. Migunga iliyokufa miaka ipatayo 600 au 700 iliyopita bado imesimama pale, nyeusi tii, kwa kuwa ukavu wa mahali penyewe hauiruhusu hata kuoza. Nyuma yake kuna vilima vya mchanga mwekundu, rangi inayotokana na kutu ya chuma iliyozifunika chembe za mchanga, na kimojawapo, Big Daddy, kinapita mita 300. Asubuhi jua hukipiga kilima cha nyuma kwanza, huku sakafu ya bonde na miti yake ikiwa bado kivulini.

Waweke hapo wapiga picha wawili bega kwa bega, mmoja na kamera ya filamu, mwingine na ya dijitali. Watapiga mti uleule, dakika ileile, na picha zao zitatofautiana waziwazi. Watu wengi husema filamu ina “joto” au “ina roho”, kisha wanaishia hapo. Mimi naona sababu zenyewe zinavutia zaidi, kwa maana zinaelezeka, na ukizijua unaweza kuamua ubebe nini.

Kwa ufupi, kila moja ina upande inakoishiwa nguvu. Dijitali huishiwa kwenye mwanga mkali. Filamu ya negativu, ile ambayo juu yake mwanga na giza hugeuzwa hadi picha ichapishwe, huishiwa kwenye giza. Jangwani pande hizo mbili hukaa ndani ya picha moja.

Ndani ya kamera ya dijitali kuna kihisi, kibamba cha silikoni chenye mamilioni ya vijumba vinavyopokea mwanga. Mwanga ukiingia kwenye kijumba hung'oa elektroni, na kijumba huzikusanya ili zihesabiwe. Hesabu yenyewe imenyooka: mwanga ukiongezeka mara mbili, elektroni nazo huongezeka mara mbili. Tatizo ni kwamba kijumba kina ukomo, kama ndoo iliyo chini ya bomba. Kikishajaa, mwanga wote unaofuata hauna pa kukaa, na sehemu hiyo huandikwa nyeupe tupu. Ile mistari myembamba ambayo upepo huichora juu ya mchanga, ikiwa imeangukia kwenye vijumba vilivyojaa, haikurekodiwa kabisa. Hakuna programu itakayoirudisha.

Filamu haina vijumba. Ina tabaka la jelatini lililojaa fuwele za chumvi ya fedha, kubwa na ndogo, zimetawanyika bila mpangilio. Fuwele ikipigwa na chembe kadhaa za mwanga kwa kufuatana upesi, atomi chache za fedha hujikusanya juu yake, na hizo chache zinatosha kuifanya dawa ya kusafishia filamu iigeuze fuwele nzima. Fuwele kubwa hunasa mwanga mapema, ndogo huchelewa. Kadiri mwanga unavyozidi, fuwele ambazo hazijaguswa hupungua, hivyo kila nyongeza huacha alama hafifu kuliko ile iliyoitangulia. Ndiyo maana mchanga unaong'aa sana kwenye picha itokayo kwenye negativu hufifia polepole kuelekea weupe, na mistari ya upepo bado inaonekana ndani yake.

Lakini fuwele iliyopata mwanga pungufu ya kiwango chake haibadiliki hata kidogo. Kivuli kilichonyimwa mwanga kwenye filamu ni kitupu, na ukijaribu kukiangaza baadaye utapata matope ya kijivu yenye chembechembe.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa filamu hawalipendi. Kwa upana wa mwanga inaoweza kushika, kutoka giza hadi weupe, dijitali ya leo haishindwi. Kihisi kizuri kwenye ISO ya chini (ISO ni kipimo cha wepesi wa kuitikia mwanga) kinaweza kushika takriban stopu 14, ambapo kila stopu ni mwanga uliozidishwa mara mbili. Kinachotofautiana ni namna ya kufika mwisho: filamu hufifia, dijitali hukatika. Kwa hiyo pale Deadvlei wale wawili hawatakiwi kupima mwanga kwa njia moja. Wa filamu apime kivulini, kwenye gome la mti, na akiwa na shaka aongeze stopu moja. Wa dijitali aulinde ule mchanga uliopigwa na jua, akubali miti iwe na giza kwenye skrini, kisha aiangaze kwenye kompyuta akitumia faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu. Wakibadilishana mbinu, wote wawili wataharibu picha.

Haya yote yanahusu negativu. Filamu ya slaidi, ambayo picha hutoka juu yake ikiwa na rangi zake halisi, ina tabia nyingine kabisa. Velvia ya Fujifilm, iliyoingia sokoni mwaka 1990 na kupendwa mno na wapiga picha wa mandhari kwa rangi zake nzito, hushika stopu tano hivi tu. Ukikosea juu, imeungua. Ukikosea chini, imezama. Kilima chenye jua na bonde lenye kivuli haviwezi kukaa pamoja juu yake bila kuweka mbele ya lenzi kichujio chenye giza upande mmoja.

Mfano ninaoupenda kuhusu filamu na giza unatoka New Mexico, Marekani. Mwaka 1941 mpiga picha Ansel Adams alikuwa akiendesha gari jioni alipouona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, huku misalaba ya makaburini iking'aa kwa jua la mwisho. Aliisimika kamera yake kubwa haraka, akatafuta kipima mwanga asikione. Alichokuwa nacho kichwani ni mwangaza wa mwezi, ambao aliujua kwa tarakimu, akapiga hesabu kutoka hapo na kupiga picha moja. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limeshaondoka kwenye misalaba. Picha hiyo ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani, lakini sehemu ya chini ya negativu ilikuwa hafifu, ngumu kuchapisha, na miaka kadhaa baadaye ilibidi aitie dawa ya kuikoleza. Mwezi ulisalimika, ardhi ndiyo iliyopungukiwa.

Kipima mwanga chenyewe nacho hudanganyika jangwani, iwe ndani ya kamera ya filamu au ya dijitali. Kimetengenezwa kudhani kwamba mandhari yoyote ni ya kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye udongo mweupe wa Deadvlei, au kwenye magadi ya jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya, nacho kitapunguza mwanga hadi weupe ule uwe kijivu. Dawa yake ni kuongeza stopu moja hadi mbili. Mwenye dijitali hukiona kosa papo hapo kwenye histogramu, grafu ya mgawanyo wa mwanga ndani ya picha, nami nashauri aiamini histogramu kuliko picha iliyo kwenye skrini, maana skrini yoyote saa sita mchana jangwani ni kama imezimwa. Mwenye filamu atajua atakaporudi nyumbani na kuosha picha.

Sasa rangi. Filamu ya kawaida ya rangi imetengenezwa kwa mwanga wa mchana, kiasi cha kelvini 5500, na haibadilishi msimamo. Jua likichomoza na kuwa la machungwa, filamu huandika machungwa. Kivuli kinachoangazwa na anga peke yake kikiwa na ubuluu, huandika ubuluu. Pale Deadvlei alfajiri hiyo ndiyo siri ya picha nyingi: sakafu ya buluu mbele, kilima cha moto nyuma.

Dijitali ikiachwa kwenye mizani ya rangi ya otomatiki hufanya kinyume. Inaona fremu imejaa wekundu, inadhani taa ndiyo nyekundu, na inaanza kuuondoa. Mchanga unatoka wa kahawia iliyopauka, mtu anasema dijitali haina joto. Kumbe ni mpangilio tu. Weka mizani ya rangi kwenye alama ya jua, iache hapo tangu alfajiri hadi magharibi, na sehemu kubwa ya ile “roho ya filamu” itarudi. Angalia pia histogramu ya kila rangi peke yake: katika faili la JPEG, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza, nyekundu ya kilima kilichopigwa na jua la asubuhi inaweza kujaa wakati histogramu ya jumla bado inaonyesha nafasi, na hapo kilima huwa bapa jekundu lisilo na mistari.

Joto na vumbi huzitesa zote mbili, kila moja kivyake. Mchanga wa Namib wakati wa kiangazi unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Filamu iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa hutoa picha zilizofifia kama zilizofunikwa na ukungu na rangi zake huyumba, kwa hiyo hutunzwa kwenye kisanduku cha baridi, ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na haifunguliwi mpaka ifikie joto la nje ili isitote umande. Dijitali haiharibiki hivyo, ila umeme unaovuja ndani ya kihisi, ambao huzaa chembechembe pichani, huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi sita hadi nane zinazopanda.

Vumbi ndilo linaloniuma zaidi upande wa filamu. Mdomo wa kopo la mkanda wa milimita 35 una ukanda mwembamba wa mahameli unaozuia mwanga usiingie. Chembe moja ya mchanga ikijibanza katika mahameli ile, kila fremu inayopita inakwaruzwa, na mkanda wote wa picha 36 unatoka na mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Kwenye dijitali vumbi hutua mbele ya kihisi na kubaki pale, doa lilelile mahali palepale katika kila picha, na anga safi la jangwa halina wingu la kulificha, hasa tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16. Doa hufutika kwenye kompyuta. Mkwaruzo uliokata hadi tabaka la rangi hauna tiba rahisi.

Usiku, dijitali inashinda, nami sioni pa kubishana. Hifadhi ya NamibRand, kusini mwa Sossusvlei, eneo lilimo Deadvlei, ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza. Kamera ya kawaida ya dijitali kwenye ISO 3200 na lenzi iliyofunguliwa kwa upana wa f/2.8 huipata Njia ya Maziwa kwa sekunde 20. Filamu hushindwa kwa sababu ileile inayoifanya ipoteze vivuli. Chembe za mwanga wa nyota huja moja moja, na atomi ya kwanza ya fedha iliyojitenga kwenye fuwele husambaratika kabla mwenzake hajafika. Karl Schwarzschild, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, aliieleza tabia hii kwa hesabu mwaka 1900.

Liko jambo moja la usiku ambalo filamu hulimudu vizuri: kuchora mizunguko ya nyota. Kamera ya makanika isiyo na betri inaweza kuachwa wazi kwa muda wa saa tatu au nne juu ya miguu mitatu, na filamu haipati joto la kazi yake yenyewe. Dijitali hulazimika kupiga mamia ya picha fupi na kuziunganisha, na betri zake zinahitaji chaji mahali pasipo na umeme.

Ningekuwa naenda Deadvlei na nafasi ya kamera moja tu mkobani, ningebeba dijitali. Kungekuwa na nafasi ya mbili, ya pili ingekuwa ya makanika yenye filamu ya negativu ya rangi, kwa ile nusu saa ambayo jua liko kilimani na bonde liko kivulini. Na kwa atakayefanya hivyo: mikanda ambayo haijasafishwa isiwekwe kwenye sanduku la kwenda chini ya ndege, maana mashine za huko zina mionzi mikali. Ibebwe mkononi, na mlangoni mwa ukaguzi omba ikaguliwe kwa mkono, kwa kuwa mashine mpya za CT za mizigo ya mkononi nazo huiunguza filamu hata kwa kupita mara moja.