Maiki ya pili ipeleke kwenye kelele

Wengi wanaorekodi wazee huku Unguja na Pemba wakisikia jenereta nyuma ya sauti wanakimbilia programu ya kusafisha, na mie nawaambia kila siku anzeni na maiki, kwasababu programu ikipewa rekodi moja tu inabidi ibahatishe kipi kelele kipi maneno, na ikikosea inakula herufi, khasa s, f na sh ambazo zenyewe ni kama mvumo. Maneno ya bibi wa Makunduchi yakishaliwa hayarudi tena.

Ukiwa na maiki mbili, moja muekee mzungumzaji shubiri moja hivi kutoka mdomoni. Ya pili usimuekee yeye, ipeleke kulekule kwenye jenereta au feni, isikie kelele tupu. Hapo kompyuta inajifunza ile kelele inachelewa kiasi gani na inabadilika vipi mpaka kufika kwa maiki ya kwanza, alafu inaitoa. Njia hii mhandisi Bernard Widrow na wenzake waliieleza vizuri mwaka 1975, hesabu yake ya msingi yeye na Ted Hoff walishaitoa 1960 pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani.

Kutoa moja kwa moja bila kujifunza haifai. Kwenye joto letu sauti inakwenda karibu mita 347 kwa sekunde, kwahiyo jenereta ikiwa mita 3 tu kelele inachelewa kama milisekunde 9, na ndani ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe inagonga ukuta huu na ule ikarudi mara nyingi, yote hayo lazima yahesabiwe. Na ile maiki ya pili ikisikia maneno, programu itayafuta na maneno pia, kwahiyo iwe mbali na mzee kabisa.

Upepo ni kesi nyengine. Kusi ikivuma pwani, ile kelele inazaliwa palepale kwenye maiki, kila moja na yake, maiki ya kule mbali haikusaidii kitu. Hapo fanya kinyume, maiki ziwe karibu karibu mbele ya msemaji, uzipange wakati ziende sawa uzijumlishe, maneno yanaongezeka kuliko upepo. Mbili zinakupa faida ya desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti), nne desibeli 6, sio nyingi, ndio maana kifuniko cha manyoya cha kuvika maiki kinatangulia.

Adhana ikiingia simamisha, subiri iishe, muendelee. Hio si kelele ya kufutwa.

Sasa kitu kinachoharibu kazi za watu wengi: kutumia simu mbili tofauti badala ya maiki mbili. Kila simu ina saa yake ndani, zikipishana sehemu 20 tu kwa milioni, baada ya saa moja zimeachana milisekunde 72, na kupiga kofi mwanzoni kunasawazisha mwanzo peke yake. Tafuta rekoda moja yenye matundu mawili ya maiki. Zima ile ya kupandisha na kushusha sauti yenyewe, maana ikibadilisha kiwango katikati kompyuta inapoteza kile ilichojifunza, hifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, na sauti za maiki mbili zile usizichanganye hapohapo, kila moja ibaki peke yake mpaka ufike kwenye kompyuta.