Stashahada ya sayansi na mlango wa chuo kikuu: ushauri kwa wahitimu wa kidato cha nne na wazazi wa Mtwara na Lindi

Mhitimu wa kidato cha nne aliyepata D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, pamoja na ufaulu katika somo jingine moja lisilo la dini, anaweza kupokewa katika stashahada ya utabibu hata kama ana F katika Hisabati. Atasoma miaka mitatu, atafaulu, ataajiriwa kuwa tabibu katika kituo cha afya, na wananchi watamtegemea. Lakini siku atakapoomba kusomea udaktari katika chuo kikuu, ile F ya Hisabati itamzuia, kwa sababu masharti ya shahada hiyo yanamtaka mwenye stashahada awe pia na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Katika hali hiyo hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna aliyedanganywa. Chuo cha kati kilimpokea kwa masharti yake, na chuo kikuu kinamkataa kwa masharti yake.

Mimi ni mkufunzi wa kemia katika chuo cha kati hapa Mtwara, na sehemu kubwa ya kazi yangu nje ya darasa ni kuwashauri wanafunzi wanaotaka kuendelea na masomo. Jambo ninalotamani kila familia ya Newala, Tandahimba, Nachingwea au Kilwa ilijue kabla ya kujaza fomu yoyote ni kwamba njia hii huchaguliwa kwa kuanzia mwisho. Mwanafunzi aamue kwanza shahada anayoitaka, asome masharti yake katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, kisha ndipo afungue mwongozo wa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, kutafuta stashahada inayofikisha huko. Wengi hufanya kinyume chake: huchagua chuo kilicho karibu au kile alichosoma binamu yao, na swali la chuo kikuu huliacha hadi mwaka wa tatu.

Tofauti ya masharti kati ya ngazi hizi mbili ina sababu yake. Stashahada za vyuo vya kati zimetungwa kwanza kwa ajili ya kazi. Mwanafunzi hupanda ngazi ya 4, ambayo ni astashahada ya awali, kisha ngazi ya 5, kisha ngazi ya 6 ambayo ndiyo stashahada yenyewe, na kila ngazi inalenga kumpa ujuzi wa kutenda kazi fulani. Kwa hiyo NACTVET, katika programu nyingi za afya, inaihesabu Hisabati na Kiingereza kuwa ni nyongeza inayomwongezea mwombaji nafasi, na si sharti. Chuo kikuu kwa upande wake kinamwandaa mtu atakayesoma takwimu, fizikia ya mwili na ripoti za utafiti, na ndiyo maana kinarudi kukagua msingi wa sekondari. Ninaona sharti hilo ni la haki, ingawa linapaswa kutangazwa kwa sauti kubwa zaidi katika shule zetu.

Dawa ya F ya Hisabati ipo, nayo ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kurisiti kama wanavyosema vijana. Baraza la Mitihani linamruhusu mtu kurudia hata somo moja tu, usajili hufanyika mapema katika mwaka kupitia vituo vilivyoidhinishwa, na mtihani hufanyika Novemba pamoja na watahiniwa wa shule. Hisabati ya kidato cha nne ina faida moja ambayo wanafunzi huisahau kwa sababu ya hofu: ina karatasi moja na haina mtihani wa vitendo, kwa hiyo mtu anaweza kujiandaa akiwa nyumbani bila kutafuta maabara. Tena D huanzia alama 30 kati ya 100. Simaanishi kwamba mwanafunzi alenge alama 30. Ninamaanisha kwamba aliyekata tamaa hajui jinsi alivyo karibu. Mwanafunzi anayeshika vizuri seti, takwimu, uwiano, matriki, hesabu za biashara na mfuatano, akafanya maswali ya miaka iliyopita kila siku kwa miezi sita, ana nafasi kubwa ya kuvuka, na hata kama jiometria ya duara itaendelea kumsumbua bado atakuwa na pa kusimama.

Wakati mzuri wa kurudia ni kabla ya kuanza chuo, au katika mwaka wa kwanza wa chuo. Baada ya hapo mazoezi ya hospitalini, kazi za maabara na mitihani ya muhula vinabana sana, na Novemba humkuta mwanafunzi wa mwaka wa pili akiwa wodini. Ukifaulu, utakuwa na vyeti viwili vya kidato cha nne kutoka katika vikao viwili vya mtihani, kwa hiyo vitunze vyote, kwa kuwa namba zote mbili za mtihani huhitajika wakati wa kuomba udahili.

Sasa nirudi kwenye uchaguzi wa programu yenyewe. Wazazi wengi huniambia kwamba mtoto «anasoma afya», kana kwamba afya ni chumba kimoja chenye mlango mmoja. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, mlango wa mwenye stashahada ni utabibu. Mwenye stashahada ya famasi anaelekea shahada ya famasi, mwenye uuguzi na ukunga anaelekea uuguzi, na mwenye sayansi ya maabara ya tiba anaelekea shahada ya maabara. Binti mwenye ndoto ya udaktari aliyepelekwa maabara kwa sababu nafasi za utabibu zilikuwa zimejaa amewekwa kwenye njia nyingine, njia nzuri na yenye heshima, lakini si ile aliyoiomba, na ni lazima aelezwe hivyo siku ya kwanza.

Nje ya afya, uchaguzi ni mpana kuliko tunavyouzungumzia huku Kusini. Pale Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kuna chuo cha mafunzo ya kilimo kinachotoa stashahada, jirani na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, kinachojulikana nchini kote kwa kazi yake juu ya korosho. Kijana wa Masasi aliyekua akipulizia salfa kwenye mikorosho ya babu yake anaweza kusoma kilimo hapo, kisha akaomba shahada katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akiwa na ujuzi wa mazao ambao mwenzake wa mjini hana. Nasikitika kwamba njia hii huonekana kama faraja ya walioshindwa, wakati mikoa yetu inaishi kwa kilimo. Kwa wanaopenda uhandisi au kemia ya maabara, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hutoa stashahada na shahada chini ya paa moja, jambo linalorahisisha kuendelea. Waliosoma masomo ya ufundi katika shule za sekondari za ufundi wakumbuke pia kwamba programu nyingi huipokea Sayansi ya Uhandisi mahali pa Fizikia.

Je, ni bora kwenda chuo cha kati au kidato cha tano? Aliyepata C nzuri katika masomo ya tahasusi yake na kupangiwa shule ya serikali, ninamshauri aende kidato cha tano. Ni miaka miwili, ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023, na aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia hubaki na shahada nyingi za kuchagua. Lakini matokeo ya kidato cha sita hayana huruma. Kwa udaktari, kwa mfano, anatakiwa awe na angalau D katika masomo yote matatu na jumla ya pointi zisizopungua 6, na akikosa anarudi nyumbani na cheti kisichompa kazi. Stashahada huchukua muda mrefu zaidi na hufinya uchaguzi wa shahada, ila humwacha mtu na taaluma mkononi hata kama chuo kikuu kitachelewa miaka mitano. Kwa mwenye D za sayansi, na hasa kwa familia inayohitaji mtoto aanze kujitegemea mapema, ninaiona kuwa njia kamili, wala si ya pembeni.

Baada ya kuchagua vizuri, kinachobaki kuamua ni GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yako yote ya chuo. Sharti la jumla la TCU kwa mwenye stashahada ya ngazi ya 6 ni GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne. Kwa wenye stashahada ya ualimu hutakiwa wastani wa B. Wanafunzi huijua namba 3.0 lakini wachache wanajua inavyopatikana. Katika ngazi ya 6, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2 na D ina 1. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti za somo hilo, yaani uzito wake katika programu, hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa jumla ya krediti zote. Tuchukue mwanafunzi aliyepata B+ katika somo lenye krediti 12 na C katika somo lenye krediti 6: atakuwa na 48 na 12, jumla 60, zikigawanywa kwa 18 anapata 3.33. Mwenzake aliyepata C katika somo la krediti 12 na B+ katika lile la krediti 6 atakuwa na 24 na 24, jumla 48, na GPA yake ni 2.67. Alama ni zilezile mbili, lakini mmoja ametimiza sharti na mwingine hakulitimiza.

Kwa sababu hiyo ninawasihi wanafunzi wangu wasome jedwali la krediti mwanzoni mwa muhula na kuwekeza saa nyingi kwenye masomo mazito. Wajue pia kwamba GPA hukatwa kwenye desimali moja bila kupandishwa, hivyo 2.98 huandikwa 2.9. Zaidi ya hayo, 3.0 humpa mtu haki ya kuomba tu. Kwenye shahada zenye ushindani kama udaktari na famasi, nafasi za wenye stashahada ni chache na huchukuliwa na wenye GPA za juu, kwa hiyo anayelenga huko alenge 4.0 na kuendelea tangu mtihani wa kwanza. Aliyeishia chini ya 3.0 lakini hakushuka chini ya 2.0 bado ana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina programu ya msingi inayoandaa watu kuingia shahada ya kwanza.

Kuhusu ada, kalenda ya vyuo na kalenda ya korosho hazipatani. Wanafunzi wa udahili mkuu huanza masomo Septemba na Oktoba, wakati minada ndiyo kwanza inafunguliwa na wakulima bado wanasubiri malipo kupitia AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika wa mazao. Mzazi aombe mapema na kwa maandishi mpango wa kulipa kwa awamu, au aangalie programu zinazopokea wanafunzi mwezi Machi, kwa kuwa dirisha hilo huja fedha ya msimu ikiwa imeshaingia. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024 Bodi ya Mikopo pia inawakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, kilimo na ualimu wa sayansi, na wengi wanaostahili hawaombi kwa kudhani mikopo ni ya chuo kikuu pekee. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET na kwamba programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa.

Limebaki suala la AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, ambayo bila hiyo mwenye stashahada hawezi kukamilisha maombi ya chuo kikuu. Namba hiyo huombwa kwa mtandao na hutolewa pale tu chuo kinapokuwa kimewasilisha matokeo yote ya mwombaji. Dirisha la kwanza la udahili wa shahada hufunguliwa katikati ya mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, na halisubiri chuo kilichochelewa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, nenda mwenyewe ofisi ya taaluma ukaulize kama matokeo ya mihula yote yameingizwa na hakuna somo lililoachwa wazi, kisha linganisha jina lako katika cheti cha kidato cha nne na lile lililo kwenye kumbukumbu za chuo. Kama cheti kinasema Zuhura na chuo kimeandika Zuhra, anza kusahihisha siku hiyohiyo.